Wivu Ulionipandisha Elgon

Shuleni, Kitale
Kabla ya mvua

Mdogo wangu Wekesa,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote hapo Mabanga, na Mama mbele ya wote. Kifua chake kimetulia, au baridi ya asubuhi bado inamkohoza? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na goti ulilogonga kwenye plau limepona, au bado unachechemea kanisani ili wamama wakuonee huruma? Sisi huku ni wazima. Mimi bado napika hapa shule ya misheni, masufuria ni yale yale makubwa, na moshi ni ule ule. Nelima ni mzima kabisa. Habari zake ndizo zimenifanya nikae chini niandike, maana barua yako imenichoma.

Umesema umesikia sokoni Bungoma ati Nelima amelala mlimani kama mchunga ng'ombe. Umesema mvua ikianza utakuja kumtoa shule akae kwa Mama, ajifunze kulima na kutulia, maana ni nani ataoa msichana anayelala mapangoni. Tena umesema mimi ni mjane niliyeshindwa na mtoto mmoja. Neno hilo nimelisoma mara nyingi. Sitalijibu kwa hasira, ingawa hasira ninayo. Nitakueleza mambo yalivyokuwa tangu mwanzo, nawe usiruke mistari kama unavyofanya ukisoma Biblia mbele ya watu.

Lakini kwanza jua hili. Barua yako ilipofika hapa haikunikuta. Ilinisubiri juu ya kabati la chumvi, kwa sababu mimi pia nilikuwa mlimani.

Sasa ukae vizuri.

Unamjua Nelima alivyokuwa. Tangu baba yake aende vita vya Burma na asirudi, mtoto yule alikuwa kama amemezwa. Ulimwona mwenyewe Krismasi ya mwaka juzi: mkimwuliza jina, anatazama miguu yake. Hapa shuleni mwalimu akimwita asome mbele ya darasa, sauti inapotea. Wenzake wakicheka, anakimbilia jikoni kwangu, anajibana kati ya kuni na ukuta mpaka kengele ilie. Wengine waliniambia nimfukuze arudi darasani. Mimi nilimwekea kigoda. Nilifurahi kwamba akiogopa dunia nzima, bado anakimbilia kwangu.

Mwaka jana akaja mwalimu mpya, jina lake Rodah, msichana wa Maragoli ambaye hajaolewa. Anavaa viatu vya turubai na anatembea haraka kama mtu aliyetumwa dawa. Jumamosi wengine wakifua nguo, yeye anachukua wasichana anawapeleka mtoni wavuke juu ya gogo, au anawapandisha vilima, au anawaambia wawashe moto kwa kuni mbichi bila kumwita mtu. Wakirudi wana matope mpaka masikioni, na njaa yao inamaliza sufuria yangu. Niliona ni mchezo tu. Kisha siku moja, shule ikikaribia kufungwa, akaingia jikoni.

"Mama Nelima, nataka kuwapeleka wasichana wanane mlima Elgon. Namtaka Nelima awe mmoja wao."

"Nelima ana kifua," nikasema.

"Nelima hana kifua. Nimemwona akikimbia."

"Basi ana woga."

"Hiyo ndiyo sababu," akasema.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mlimani kuna baridi, kuna nyati, na mtoto yule ndiye mmoja tu niliyebaki naye. Yote hayo ni kweli. Lakini Wekesa, hayakuwa yote.

Unakumbuka siku Baba alipokupeleka mlimani? Ulikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, mimi tayari nabeba mtungi mkubwa wa maji. Nilijifunga leso yangu nikasimama njiani nikiwangoja. Baba akaniuliza, "Wewe unaenda wapi?" Nikasema, "Na nyinyi." Akacheka, akanipa jembe. Mlikaa huko siku nyingi. Uliporudi ulikuwa umelala ndani ya pango la yule rafiki yake wa mlimani pamoja na ng'ombe wake, umeona popo wengi kama mtama uliomwagika, umesikia ndovu wakilamba chumvi kwenye ukuta wa mwamba. Kila mavuno ulisimulia tena, na kila mavuno ndovu waliongezeka. Mimi nilipepeta nafaka ya wimbi nikinyamaza. Sijawahi kukuambia nilivyokuonea wivu. Nimeolewa na wivu huo, nimefiwa nao, nimekuja nao hapa Kitale. Kila asubuhi nikitoka nje kumwaga majivu, mlima uko pale mbele yangu, mkubwa na wa buluu, kama jirani asiyenisalimu.

Halafu mtoto niliyemzaa mimi ndiye anayeitwa aende huko. Wala hasimami njiani kungoja kama mimi, anaitwa! Nikajisikia vile vile nilivyojisikia siku ile ya jembe. Niliona haya, lakini nilijisikia hivyo.

Jioni Nelima akaja akasimama mlangoni. Hakuingia kwenye kuni. Akasema, "Mama, nataka kwenda." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema nataka. Sikupata nguvu ya kumkatalia. Nikampa blanketi langu, nikamwambia asilowe.

Waliondoka kwa lori la shule mpaka Endebess, na kutoka hapo kwa miguu. Siku zote walizokaa huko sikuonja chakula changu mwenyewe. Nilitia chumvi mara mbili kwenye maharagwe, na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Nelima aliporudi sikumjua mara moja. Uso umeungua na jua na baridi, midomo imepasuka, na anatembea katikati ya njia. Zamani alikuwa anatembea pembeni, karibu na ua, kama mtu anayeogopa kugongwa. Akaingia jikoni, akakaa juu ya gunia la mahindi, akaanza kusema. Wekesa, alisema mpaka uji ukamwagika jikoni!

Alisema siku ya pili ukungu ulishuka ghafla. Yule mwongozaji wao, mtu wa mlimani anayeitwa Kiboi, alikuwa mbele na mwalimu, na Nelima na wasichana watatu walikuwa nyuma kwa sababu mmoja wao, Loice, ameteguka mguu. Mara wakawa hawaoni mtu. Wawili wakaanza kulia, wakataka kukimbia kila mmoja upande wake.

"Ukafanya nini?" nikamwuliza.

"Nikawaambia kaeni chini."

"Wewe? Uliwaambia kwa sauti gani?"

"Sijui, Mama. Ilitoka tu. Nikawaambia tushikane mikono, mtu asisimame. Kisha nikawaambia tuimbe, ili Mwalimu atusikie. Hawakutaka, walikuwa wanatetemeka. Nikaanza mimi peke yangu."

Mtoto ambaye hakuweza kusoma mstari mmoja mbele ya darasa aliimba ndani ya ukungu, peke yake, mpaka wengine wakamfuata, mpaka Kiboi akazifuata sauti zao akawafikia. Aliniambia alikuwa anaogopa wakati wote. "Lakini nikaona," akasema, "naweza kuogopa na bado niimbe."

Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akasoma somo lote. Watu wakageuka kunitazama. Ningefurahi, sivyo? Nilifurahi. Lakini pembeni ya furaha kulikuwa na kitu kingine kimekaa kinanitazama. Kila sentensi ya mtoto sasa ilianza na Mwalimu Rodah. Mwalimu Rodah anasema tupumue kwa pua. Mwalimu Rodah anafunga mzigo hivi. Akaanza hata kutembea kama yeye, haraka haraka. Kigoda changu kilikaa bure. Wakati wa kugawa chakula nikajikuta namwekea Mwalimu Rodah ukoko wa chini ya sufuria, na wengine ugali mzuri. Alikula akamaliza, na hilo likaniudhi zaidi.

Kisha siku moja nikamwuliza Nelima kule juu kunafanana na nini. Akafikiri, akasema bila ubaya wowote, "Mama, siwezi kukueleza. Hujawahi kufika."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria, nikaenda moja kwa moja mpaka nyumba ya mwalimu. Alikuwa anafua.

"Mwalimu, umenichukulia mtoto," nikamwambia.

Hakukasirika. Akakamua nguo, akaining'iniza. "Nimekaa naye siku chache mlimani, Mama Nelima. Wewe umekaa naye maisha yake yote. Nitakuchukulia vipi?"

"Alikuwa anakuja kwangu akiogopa."

"Na sasa?"

"Sasa haji."

Akanitazama, na nikajua ameelewa nilichosema kuliko nilivyotaka. Tena ni msichana mdogo, Wekesa, angeweza kuwa mdogo wetu wa mwisho. Akasema, "Kabla shule haijafunguliwa nitawapeleka tena. Mara ile waliunguza uji kila siku. Nahitaji mpishi. Njoo."

Nilitaka kumwambia sina nafasi. Mdomo ukasema, "Nitakuja."

Basi hivyo ndivyo dada yako alivyopanda lori na sufuria mbili na gunia la unga. Kutoka Endebess tulipita mashamba ya mahindi ya Wazungu, yaliyokwisha kuvunwa, kisha msitu mkubwa ambako Kiboi alisimama mara kwa mara akisikiliza nyati. Nikuambie, sikuogopa. Nilidhani nitaogopa, lakini miguu yangu ilifurahi kama ya ndama aliyefunguliwa. Nimebeba maji na kuni tangu utoto, mlima haukunishinda pumzi. Wasichana walishangaa. "Mama, hujachoka?" Nikawaambia nitachoka nikifika nyumbani.

Tulilala pangoni. Popo wapo, hukudanganya. Ndovu sikuwasikia, ila kuta zimechimbwachimbwa kweli, na samadi yao ipo. Nilikaa pale nikiugusa ukuta, nikakuwazia, nikasema moyoni, sasa hata mimi. Siku iliyofuata tulipita mianzi, tukatoka mahali pasipo na miti ila vitu vya ajabu, vinene, vyenye majani kama kabichi iliyopandishwa juu ya nguzo. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi na zinavunjika ukizikanyaga. Maji ya kunawa yalikuwa yameganda ndani ya sufuria yangu. Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningeweza kulificha, maana hakuna wa kukuambia ila mimi.

Siku ya kwenda kileleni, Mwalimu Rodah alisema tutaenda kwa mstari, taratibu, na Nelima atatangulia pamoja na Kiboi kwa sababu sasa anaijua njia. Wasichana wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Nilimtazama amesimama pale mbele, blanketi langu begani, anaelekeza kwa mkono kama mtu mzima, na wivu ukanipanda. Nikasema, hapana. Hili moja nitafika mimi kwanza. Nimelingoja tangu kabla hajazaliwa.

Nikagawa uji, nikaacha sufuria bila kuosha, nikaanza kupanda. Nilipita wasichana wa nyuma, wakadhani nachezacheza. Nikampita Mwalimu Rodah, akaniita, sikugeuka. Nikampita Kiboi, akasema polepole, mama, hapa hewa ni kidogo. Nikampita Nelima. Nilisikia hatua zake zimesimama.

Nilipanda kama mtu anayefukuzwa. Mawe yalikuwa yanateleza, kilele nakiona hapo juu, karibu kabisa, najisemea bado kidogo, bado kidogo. Kisha kichwa kikaanza kugonga kama kinu. Macho yakaingia giza. Nikashika jiwe, nikatapika uji wote, nikakaa chini. Miguu ile iliyofurahi siku mbili ikakataa kabisa.

Nelima akanifikia. Akapiga magoti, akanifuta mdomo kwa leso yangu, akanipa maji. Kisha akaniuliza, "Mama, ulikuwa unashindana na mimi?"

Ningeweza kusema uongo. Nikasema, "Ndiyo."

Niliona machozi yanataka kumtoka, na nikaona anayakataza. Akasema, "Pumua kwa pua. Usisimame mpaka kichwa kiache. Mwalimu yuko nyuma yako, atakuja na wewe." Akainuka, akaliweka sawa blanketi begani.

"Unaniacha?" nikamwuliza.

"Mimi natangulia, Mama. Ni kazi yangu leo. Utanikuta juu."

Akaenda. Wekesa, akaenda kweli, na hakugeuka. Nilikaa juu ya lile jiwe nikalia kwa wivu na kwa hasira, nikimwona anazidi kuwa mdogo kule juu. Nililia mpaka nikachoka. Kisha, bila kutaka, nikaanza kumhesabia njia moyoni: pita kulia, hapo jiwe limelegea, shika, vuta. Nilipomwona amesimama kileleni na mikono juu, nilipiga kigelegele. Sijui kilitoka wapi. Kichwa karibu kipasuke.

Mwalimu Rodah akakaa kando yangu. Sikutaka anione nimelia, lakini alikuwa ameona. Hakunihubiria. Akaniambia tu kwamba alipokuwa mdogo, mama yake alimfungia ndani asiende kuogelea mtoni na kaka zake. "Mpaka leo siwezi kuogelea," akasema. "Nawapeleka watoto mtoni, na mimi nabaki ukingoni nikitetemeka." Nikamtazama vizuri mara ya kwanza. Tukapanda pamoja, hatua chache, tunapumzika, hatua chache tena. Nilifika wa mwisho kabisa, hata baada ya yule Loice wa mguu.

Nelima akanishika mkono akanivuta kwenye mwamba wa juu. Akanionyesha: kule Endebess, kule Kitale, na kule mbali penye vumbi la joto, Bungoma. Sikuona nyumba yetu, wala mti wowote ninaoujua. Niliona nchi tu, pana, imelala mbele yetu, na upepo unanisukuma kifuani. Nilikaa pale mpaka Kiboi akasema mawingu yanakuja.

Tukishuka Nelima akaja kutembea kando yangu.

"Umenikasirikia, Mama?"

"Kidogo."

"Mimi pia, nilikukasirikia. Ungeniambia tu unataka kutangulia, tungepanga."

"Ungenikubalia?"

Akafikiri. "Hapana," akasema, na tukacheka wote wawili mpaka wasichana wakatuuliza tumeona nini. Na Mwalimu Rodah sasa namwekea ugali wa katikati.

Hiyo ndiyo habari, mdogo wangu. Nimekuambia mabaya yangu na mazuri ya mtoto, uyapime. Kama kumlea ni kumweka karibu na ukuta asiumie, basi kweli nilikuwa nimefaulu, na Mwalimu Rodah ameniharibia. Lakini sasa ninaye msichana anayeogopa na bado anatangulia. Usije kumtoa shule. Nakuomba kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni, na kama kuomba hakutoshi, nakukatalia.

Tena nina jambo lingine. Binti yako Nanjala, nilipokuja Krismasi ya mwaka juzi, nilimwona shambani ameacha jembe anatazama mlima. Wewe ulimpigia kelele arudi kazini. Mimi niliyajua macho yale. Ukimaliza mavuno, mlete kwangu akae wiki chache. Mwalimu amekubali. Blanketi lipo.

Msalimie Mama sana, umwambie dawa ya kifua inakuja pamoja na barua hii. Msalimie wifi yangu, na mama mkwe wako anayefinyanga vyungu, umwambie kile kikubwa hakijavuja mpaka leo. Msalimie baba mdogo mfua vyuma, na mzee wa kanisa jirani yetu, na watoto wote, hata yule mkorofi aliyeitwa jina la Baba.

Barua yako nilimpa Nelima aisome mwenyewe, kwa kuwa inamhusu. Aliisoma akiwa amesimama. Nilingoja alie. Akaikunja, akasema, "Nitakwenda kumwona Mjomba." Nikamwambia sawa, tutakwenda pamoja. Akasema, "Hapana, Mama. Ameandika juu yangu, nitamjibu mimi." Atachukua basi la Jumamosi la kupitia Webuye, peke yake, na barua hii iko mfukoni mwake. Nilimkatalia, nikamkubalia.

Kwa hiyo ukiwa unaisoma, yeye amesimama hapo mbele yako anangoja umalize. Mpe kiti na umwache aseme mpaka mwisho. Mimi niko huku jikoni nakuonea wivu tena, kwa sababu wewe ndiye utakayemsikia.

Ni mimi dada yako,
Nasimiyu